Sura ya Saba: Treni Isiyofika

Inspekta alishuka kwenye gari saa sita na robo mchana. Alisimama mbele ya mlango wa kioo, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ee Mungu, nipe macho." Alikuwa akisema hivyo mbele ya kila mlango wa kazi kwa miaka ishirini na sita, na hakuona sababu ya kuacha leo. Kisha akausukuma mlango.

Koplo alimfuata nyuma, kofia kwapani, kipande cha mwisho cha mkate mdomoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na aliuhesabu kila asubuhi kwa sauti.

"Afande, hawa watu wamekuja kufanya nini hasa?"

"Kuthibitisha."

"Kuthibitisha nini?"

"Kwamba mitambo inafanya kile ilichoahidi kufanya. Hawaijaribu mara mia wakaridhika. Ukijaribu mara mia, ya mia na moja inaweza kukuumbua. Hawa wanatumia hesabu, ili isiwepo ya mia na moja."

"Basi waanze na redio ya gari letu," alisema Koplo, akimeza.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye beji shingoni, wanaozungumza wote kwa pamoja. Juu ya jukwaa lilitundikwa bango refu: Kongamano la Uthibitisho wa Mitambo na Programu, Siku ya Tatu. Chini yake fundi alikuwa anafunga saa kubwa ya ukutani, na mishale ya saa hiyo ndiyo iliyokuwa inawasumbua watu wote. Saa kumi kamili, kutoka jukwaa lile, bwana mmoja wa shirika la reli angetoa neno kwa simu, na mageti saba ya reli na barabara yangeanza kujifunga na kujifungua yenyewe. Walinzi wa mageti wangeweka mikono mfukoni.

"Shemeji yangu ni mmoja wao," Koplo alisema. "Geti la nne, pale penye shule. Miaka kumi na tisa anashusha ile boriti kwa mkono. Leo saa kumi anakabidhi. Dada yangu amenipigia mara tatu tangu asubuhi, ananiuliza kama hiyo mashine ina akili."

"Ulimjibu nini?"

"Nimemwambia wamethibitisha."

Mwenyekiti wa kongamano, mama mwembamba aliyekuwa akitafuta miwani yake huku imekaa juu ya kichwa chake mwenyewe, aliwapokea mlangoni na kuwavuta pembeni. Alieleza haraka haraka. Kongamano lao lina desturi. Mtu akileta karatasi na kusema amethibitisha jambo, haaminiwi kwa maneno. Analeta na diski iliyotiwa muhuri, yenye uthibitisho wenyewe, na mrudiaji mmoja anaingia chumba cha marudio na kuurudia mwanzo hadi mwisho kwenye kompyuta ya kongamano. Matokeo hayasemwi kwa mtu yeyote mpaka saa kumi ya siku ya mwisho.

"Leo ilikuwa zamu ya karatasi ya Profesa," alisema. "Ile ya mageti. Na diski imeibiwa."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa tatu na saa tatu na nusu asubuhi. Aliyeiiba tunaye. Ni mrudiaji mwenyewe. Binti mmoja, mtafiti. Mwaka jana Profesa aliikataa karatasi yake, na wote tunajua. Na mkobani mwake mmekutwa bisibisi."

"Bila diski, mageti yanawashwa?"

Mwenyekiti alisita. "Kanuni inasema marudio yakikwama bila kosa la mwandishi, karatasi inabaki na alama zake za mwanzo. Alama za Profesa zilikuwa za juu kabisa. Ndiyo, yanawashwa."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika ishirini na tano.

*

Chumba cha marudio kilikuwa na meza nne, kompyuta nne nyeusi za kufanana kama watoto mapacha, dirisha moja lenye nondo, na mlango mmoja. Kompyuta ya pili ililazwa ubavu, imefunguliwa, na mahali pa diski palikuwa tupu kama pengo la jino. Ya nne ilikuwa imebandikwa karatasi: MBOVU. Askari waliotangulia walikuwa wamepekua droo, ndoo ya taka, mapazia na juu ya dari.

"Aaa!" Koplo aliinua mguu. "Nimekanyaga mwiba ndani ya nyumba." Aliegemea meza ya nne, akachomoa kitu kwenye soli ya kiatu. Ilikuwa skrubu ndogo, nyembamba kama punje ya mchele. Aliitazama, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Hii itafaa kwenye miwani yangu."

Mlangoni alisimama mlinzi, amenyooka kama rula, daftari kifuani.

"Afande, mlango huu haujapitiwa na inzi bila mimi kumwandika," alisema. "Kila aliyetoka na mzigo, nimemkagua. Kila mmoja! Isipokuwa wenye beji ya kijani, hao kanuni inasema nisiwaguse."

"Nani ana beji ya kijani?"

"Mrudiaji peke yake."

"Nisomee."

Mlinzi alilamba kidole, akafungua. "Saa mbili kamili, mrudiaji ameingia. Saa tatu kamili, ametoka kwenda kunywa chai, ana mkoba. Saa tatu na dakika tano, ameingia mkwe wa Profesa, anatafuta waya wa projekta. Saa tatu na dakika kumi na nne, ametoka. Hakuupata waya. Mikono mitupu, shati la mikono mifupi. Hata kalamu hakuwa nayo. Saa tatu na dakika ishirini na tano, mrudiaji na Mwenyekiti wameingia pamoja, wakapiga kelele. Basi."

"Kwa hiyo umemkagua nani leo?"

"Kila aliyetoka na mzigo."

"Ni wangapi?"

Mlinzi alilisoma daftari tena, toka juu hadi chini.

"Hakuna, Afande."

"Hakuna?"

"Hakuna aliyetoka na mzigo. Ila yule binti, na yeye siruhusiwi." Aliona aibu kidogo, kisha akajikaza. "Lakini wangetoka, ningewakagua!"

Inspekta aliandika, akapigia mstari, ingawa hakujua bado kwa nini.

*

Mkwe wa Profesa walimkuta kwenye kochi la varanda, goti lake likicheza lenyewe. Alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini na kitu, na aliinuka upesi kumpa Inspekta nafasi.

"Shikamoo, mama. Mimi nimemwoa binti yake wa mwisho, na ndimi mwandishi wa pili wa karatasi. Nimeandika kwa mkono wangu robo tatu ya mistari yake."

"Marahaba. Uliingia chumbani saa tatu na dakika tano."

"Kutafuta waya. Muulize mlinzi nilitoka na nini. Nilitoka kama nilivyoingia."

"Ulimwona mtu?"

"Hapana. Lakini wala sihitaji kumwona. Mama, uthibitisho wetu hauna kasoro. Leo umepita kwa sekunde kumi na moja, kompyuta haikutoka hata jasho. Mtu mwenye kinyongo akiona hivyo anafanya nini? Anauficha." Alijifuta paji la uso. "Huyo binti nilisoma naye. Ni mkaidi, lakini sikudhani angefika huku."

Inspekta aliandika kila neno, kama alivyozoea, na hata tarakimu aliziandika: 11.

Profesa hakuwa na subira ya kukaa. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili mwenye goti bovu na bakora, na alikuwa akitembea huku na huku nyuma ya jukwaa kama simba aliyefungiwa.

"Inspekta, hakuna mtu hapa anayeitaka diski hiyo kunizidi mimi," alinguruma. "Miaka minne! Nataka irudiwe mbele ya macho ya wote. Sitaki kupitishwa kwa huruma ya kanuni, kama mtoto aliyeugua siku ya mtihani."

"Babu, samahani," alisema Koplo kwa upole wa kipolisi. "Naomba nione mfuko wa koti."

Ndani ya koti la Profesa mlikuwa na bisibisi. Koplo alimkonyeza Inspekta.

"Ya kukaza bakora," alisema Profesa, na akawaonyesha kichwa cha bakora kinacholegea. "Natembea nayo mwaka wa tano huu. Tena leo mmenikumbusha. Mimi ni mtu wa mazoea, naiweka mfuko wa kulia. Asubuhi baada ya chai nimeikuta wa kushoto."

"Koti lilikuwa wapi wakati wa chai?"

"Kwenye kiti changu, pale mbele."

Nje ya pazia Koplo alinong'ona, "Bisibisi mbili sasa. Mzee huyu ndiye. Kelele zote zile ni za kutufumba macho. Tumfunge pingu kabla hajapata chakula cha mchana?"

"Hakuingia chumbani, Koplo. Daftari linasema."

"Daftari la mlinzi yule? Anamkagua kila mtu na hajamkagua mtu."

Inspekta alisimama ghafla, akamtazama. "Hebu rudia."

"Nimesema anamkagua kila mtu, na hajamkagua mtu."

"Mm," alisema Inspekta, na akatembea haraka kuliko mwanzo. Saa nane na dakika kumi.

*

Binti walimweka kwenye stoo ya viti. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikaa wima, mikono juu ya mapaja. Mahali pa beji yake ya kijani shingoni palibaki uzi mtupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sina njaa. Mama, naomba unisikilize mara moja tu. Nimewaambia wenzangu mara mbili, wakanijibu kwamba mtuhumiwa hasomi matokeo. Msiache mageti yawashwe saa kumi. Mnikamate mimi, hata mnifunge, lakini mageti msiyaache."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uthibitisho umepita."

Koplo alikuna kichwa. "Si ndiyo raha yenyewe?"

"Umepita upesi mno. Uthibitisho wa ukubwa ule, kompyuta inapaswa kunguruma saa nzima, feni ilie mpaka mtu uondoke chumbani. Huu umepita kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Niliposhtuka, nikafanya jaribio jingine, la kuuliza kama kuna kitu ndani. Saa tatu kasoro tano likatoa onyo. Nikaliacha kwenye skrini, nikaenda kunywa chai ili nitulie kwanza. Niliporudi diski haipo, na onyo liko ndani yake."

"Kitu gani ndani?" aliuliza Inspekta. "Nieleze kama unamweleza mtu wa masomo ya jioni."

Binti alifikiri kidogo. "Mama, karatasi inasema hivi: kila mara treni inapofika, geti limefungwa. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa chukua nchi isiyo na treni hata moja. Huko sentensi hiyo ni ya kweli au ya uongo?"

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

Jumanne iliyopita, kwenye darasa la jioni, akiwa na miaka hamsini na miwili na amekaa dawati la mbele, alikuwa amebishana na mwalimu wa hesabu mpaka kengele ikalia. Mwalimu aliandika ubaoni: kama mimi ni twiga, basi ubao huu unaimba. Akasema sentensi hiyo ni ya kweli. Inspekta alisema huo ni upuuzi. Mwalimu akamjibu kwamba hakuna awezaye kuivunja sentensi hiyo mpaka twiga aingie darasani. Alirudi nyumbani amekasirika, akaomba, akalala, akaamka bado amekasirika.

Sasa alipiga goti lake kofi. "Twiga!"

"Twiga gani tena?" alisema Koplo.

"Ni ya kweli," Inspekta alimwambia Binti. "Ni ya kweli kwa sababu hakuna treni ya kuivunja. Unataka kuniambia ndani ya hesabu za Profesa treni haifiki?"

"Haifiki kamwe!" Binti aliinuka kwenye kiti. "Mstari wa arobaini na moja. Treni inahesabiwa imefika pale kitambuzi cha relini, kile kifaa kinachoihisi treni, kinapowaka. Mstari huo unasema: chukulia kitambuzi hakiwaki. Basi. Sentensi moja ndogo, na treni zote duniani zimekatazwa kuja. Baada ya hapo unaweza kuthibitisha lolote unalotaka. Geti limefungwa, geti limefunguliwa, geti linacheza ngoma, yote yatapita!"

"Profesa aliuweka kusudi?"

"Sidhani hata anaujua. Ni kosa la watu kama sisi. Kitambuzi kinawaka ovyo wakati wa majaribio, mvua au wadudu, kinakusumbua. Unakizima kwa mstari mmoja ili ufanye kazi nyingine, unasema kesho nitautoa. Kesho unasahau. Na kila ukirudia, unapita. Nani anamhoji mtu anayepita?"

"Uthibitisho ulichukua muda gani?"

"Sekunde kumi na moja."

Inspekta hakuinua kichwa. "Nani mwingine anajua hizo kumi na moja?"

"Hakuna. Mwenyekiti nilimwambia kuna onyo tu. Muda hakuniuliza mtu. Ulikuwa kwenye skrini, na chumbani nilikuwa peke yangu."

Inspekta alirudisha kurasa za daftari lake nyuma, taratibu, akaweka kidole juu ya tarakimu aliyoiandika mwenyewe. Koplo alichungulia begani, na nyusi zake zikapanda mpaka karibu na nywele.

"Yule wa shati la mikono mifupi," alisema. "Lakini Afande, alitoka mikono mitupu! Diski ni kubwa kama kitabu cha sala. Angeitia wapi, mdomoni?"

"Hiyo ndiyo treni yetu, Koplo." Inspekta alikuwa amekwisha simama. "Tangu tufike tumethibitisha vizuri sana. Nani alitoka nayo, nani hakutoka nayo, nani alikaguliwa, nani ana mkoba. Nani amethibitisha kwamba diski imetoka?"

Binti na Koplo walitazamana.

"Hakuna," alisema Binti.

"Hakuna," alisema Koplo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Akaitoa ile skrubu na kuishika mbele ya macho yake kana kwamba ni almasi. "Mungu wangu. Nilikuwa nimeegemea meza gani?"

*

Walifika chumba cha marudio saa nane na dakika hamsini, Koplo akitangulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka huo uanze. Kompyuta ya nne ilikuwa na vumbi juu, vumbi la miezi, zito kama blanketi. Ubavuni vumbi lilikuwa na alama za vidole vinne. Nyuma palikuwa na matundu manne ya skrubu. Skrubu zilikuwa tatu.

"Msiguse," alisema Inspekta. "Mwenyekiti aje. Profesa aje. Na mkwe wake aje, mwambieni waya umepatikana."

Walipokusanyika, aliomba bisibisi ya Profesa. Alifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bati likalegea. Ndani ya kompyuta iliyobandikwa MBOVU mlikuwa na diski mbili, moja ya zamani, na nyingine yenye muhuri mwekundu wa kongamano.

Mwenyekiti alishika mdomo. Mlinzi alisema kwa sauti ya mtu aliyeponywa, "Nilisema mimi! Hakuna aliyetoka nayo!"

"Ulisema kweli," Inspekta alimwambia. Kisha akamgeukia kijana. "Bwana mdogo, sekunde kumi na moja ulizisoma wapi?"

Kijana alitazama mlango, akamwona Koplo ameujaza wote. Goti lake liliacha kucheza.

"Kwenye skrini," alisema.

"Na bisibisi?"

"Kwenye koti la baba." Alimtazama Profesa. "Niliingia kuchungulia tu, wallahi. Nikaona onyo. Mstari wa arobaini na moja. Ni wangu, niliuweka mwezi wa pili nikasahau. Nikaona miaka minne ya mzee inaanguka mbele ya watu, kwa sababu yangu. Nikatoka mbio kuchukua... hapana, bisibisi nilikuwa nayo tayari mfukoni mwa suruali, nilitaka kukaza meza ya projekta. Mikono ilifanya yenyewe. Nilikuwa niirudishe baada ya saa kumi."

"Baada ya saa kumi kuna treni," alisema Koplo.

Profesa alimtazama mkwewe, kisha akamtazama Binti, ambaye hakuwa amemsalimu tangu mwaka jana.

"Wewe," alisema. "Unaweza kuutoa mstari huo na kurudia mbele yangu?"

"Naweza, Profesa. Lakini itachukua labda saa nzima."

"Basi unangoja nini?"

*

Saa tisa na dakika kumi, kompyuta ya pili ilianza kunguruma.

Ilinguruma kweli. Feni ililia, meza ikatetemeka, kikombe cha mtu kikasogea chenyewe kuelekea ukingoni. Inspekta alisimama kando ya dirisha, midomo ikicheza bila sauti. Koplo alihesabu dakika kwa niaba ya wote, mpaka Mwenyekiti akamwomba aache. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Kutoka ukumbini walisikia makofi, halafu kipaza sauti kikijaribiwa: moja, mbili, moja, mbili.

"Ikipita?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ikipita nitafurahi kuliko wote," alisema Binti bila kugeuka. "Nitaomba radhi hadharani."

Saa tisa na dakika hamsini na moja feni ilinyamaza ghafla. Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko kelele.

Skrini ilijaa mistari. Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaisoma kwa sauti, kidole kikishuka hatua kwa hatua.

"Treni ya kwanza inafika. Geti linashuka. Vizuri. Treni ya pili inafika nyuma yake. Geti limeshuka bado. Vizuri. Treni ya kwanza inatoka. Geti..." Kidole kilisimama. "Geti linainuka."

Mwenyekiti alisogea karibu na skrini.

"Kinakumbuka treni moja," alisema polepole. "Kidhibiti changu, kile kinachoamuru geti, kinakumbuka treni moja tu. Ya kwanza ikitoka, kinadhani reli ni tupu."

"Profesa," alisema Binti, "labda treni mbili hazifuatani karibu hivyo."

"Ijumaa zinafuatana," alisema Koplo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Shemeji analalamika kila wiki. Ya abiria saa kumi na dakika kumi na mbili, na ya mizigo nyuma yake kama mkia. Leo ni Ijumaa."

Profesa aligeuka na kukimbia.

Mzee yule mwenye goti bovu alikimbia, bakora ikabaki imeegemea meza, na wote wakamfuata kwenye varanda ndefu, Koplo akipuliza filimbi ingawa hapakuwa na wa kupisha. Walipoingia ukumbini, watu mia tatu waligeuka. Jukwaani Mhandisi Mkuu wa reli, bwana mwenye suti ya kijivu, alikuwa ameweka simu sikioni. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika mbili.

"Profesa! Tunakungoja," alisema kwa furaha. "Mageti saba yanasubiri neno langu."

"Neno lako ni hapana!"

Ukumbi ulivuma kama mzinga. Profesa alipanda ngazi kwa kushika kingo yake ya mbao, akachukua kipaza sauti, akahema mara tatu ndani yake.

"Ndugu zangu. Uthibitisho wangu ni wa kweli. Kila mstari ni wa kweli. Ni wa kweli kwa sababu ndani yake hakuna treni." Alimeza mate. "Marudio yamefanywa. Mrudiaji wetu ameleta treni, na geti langu limefunguka mbele yake. Matokeo ya karatasi yangu ni kwamba imeanguka. Mhandisi, waambie walinzi wako washike mageti kwa mikono yao. Waambie sasa hivi!"

Mhandisi Mkuu alimtazama, akatazama saa, kisha akasema kwenye simu kwa sauti kavu, "Sitisha. Mageti yote saba. Kwa mkono. Nirudie? Kwa mkono!"

Profesa alishuka, akaenda mpaka kwa Mwenyekiti, akanyoosha kiganja. Mwenyekiti alielewa, akatoa beji ya kijani mfukoni. Mzee aliifunga mwenyewe kwenye uzi mtupu shingoni mwa Binti. Vidole vyake vilikuwa vinene na fundo lilimshinda mara mbili.

"Ile karatasi yako ya mwaka jana," alisema bado akihangaika na fundo. "Nitaisoma tena. Safari hii mpaka mwisho."

"Mwaka jana hukuisoma mpaka mwisho?"

"Nilipita haraka mno," alisema Profesa.

Mkwe wake alikaa kiti cha mwisho, kati ya askari wawili, kichwa mikononi. Mzee alipopita karibu naye alisimama. "Nyumbani nitamwambia mwanangu mwenyewe," alisema. "Na wewe utawaambia hawa yote, toka mwezi wa pili. Usiache hatua." Kisha akaweka mkono begani kwa kijana, kidogo tu, akaondoka bila bakora.

Saa kumi na robo simu ya Koplo ililia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaweka sauti juu, na Inspekta na Binti wakainama kusikia. Kulikuwa na kengele ya geti, ikigongwa kwa mkono, na watoto wanaopiga makelele ya kutoka shule, na juu ya yote mngurumo unaokwenda ukififia.

"Shemeji!" ilipaza sauti simu. "Mmenipigisha mbio hapa! Walikuwa wameshanivua kofia, halafu wananiambia shika! Nimeshusha boriti, ya abiria ikapita. Watoto wakaniambia, fungua babu, fungua. Nikasema subiri kwanza."

"Na ya mizigo?" Koplo alipiga kelele.

"Ndiyo hiyo unayoisikia."

Koplo alitoa ile skrubu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakuomba kitu, alishukuru tu. Alipoinua uso, alikuwa anacheka.

"Koplo," alisema, "Jumanne ninamwendea mwalimu wangu kumwomba radhi. Twiga ameingia darasani."